MWANYA NA PENGO: NAFASI YA SIFURI KATIKA UKOKOTOZI WA MITANDAO YA NEVA BANDIA NA MUSTAKABALI WA KISWAHILI



1.0 Utangulizi

Wasemaji wa Kiswahili hutofautisha mwanya na pengo. Mtu ambaye meno yake mawili ya mbele yameachana kidogo ana mwanya, na wengi huuhesabu kuwa ni pambo la uso. Mtu aliyeng'oka jino ana pengo, na hakuna anayemsifia kwalo. Vyote viwili ni nafasi tupu mdomoni. Kinachovitenga ni asili yake: penye mwanya hapakuwahi kuwa na jino wala halitarajiwi, penye pengo jino lilikuwapo, au lilistahili kuwapo. Maneno haya mawili yamepanuka kimaana kwa kufuata njia hiyohiyo. Mtu hupata mwanya wa kufanya jambo, yaani hupata fursa. Mtu akifariki, huacha pengo.

Mhadhara huu unaichukua tofauti hiyo ya kimsamiati na kuipeleka katika uwanja ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali na isimu, nao ni ukokotozi wa mitandao ya neva bandia. Mitandao hiyo ndiyo inayoendesha programu za kutafsiri, za kutambua usemi na za kuandika matini ambazo leo zinatumiwa na mamilioni ya watu, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili. Gharama yake ni kubwa kwa umeme, kwa muda na kwa fedha. Njia mojawapo muhimu ya kuipunguza ni kutambua kwamba sehemu kubwa ya namba zinazozidishwa ndani ya mitandao hiyo ni sifuri, au zinakaribia kuwa sifuri, na kwamba kazi ya kuzizidisha inaweza kurukwa.

Hoja inayotetewa hapa ina sehemu tatu. Mosi, kuruka sifuri ni mbinu yenye manufaa ya kweli, hususan kwa lugha ambazo wasemaji wake hawana mitambo mikubwa. Pili, sifuri zinazopatikana katika data ya lugha si za namna moja: baadhi ni mianya na baadhi ni mapengo, na mashine haina njia ya kuzitofautisha kwa kuzitazama tu. Tatu, kuzitofautisha ni kazi ya isimu, na wanaisimu wa Kiswahili wasipoifanya, itafanywa na mpogoaji asiyeijua miti anayoipogoa.

2.0 Sifuri zinatoka wapi?

Mtandao wa neva bandia ni mpangilio wa tabaka za ukokotozi. Kila tabaka hupokea orodha ya namba, huzidisha kila namba kwa uzito wa kiungo kinachoipeleka katika tabaka linalofuata, hujumlisha majibu, kisha hupitisha jumla hiyo mbele. Uzito wa viungo vyote vya tabaka moja huweza kupangwa katika jedwali lenye safu mlalo na safu wima. Jedwali hilo wanahisabati huliita matriksi. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya mtandao huo ni kuzidisha matriksi, na gharama yake hupimwa kwa idadi ya vizidisho.

Chukua mfano mwepesi. Msamiati una maneno 50,000. Ili mtandao upokee neno moja, tuseme *mkeka*, neno hilo huwakilishwa kwa orodha ya namba 50,000. Mahali pa *mkeka* pana 1 na mahali pengine pote, yaani mara 49,999, pana 0. Orodha hiyo inazidishwa kwa matriksi yenye safu mlalo 50,000 na safu wima 300. Akifuata kanuni neno kwa neno, mkokotoaji atafanya vizidisho 15,000,000. Hata hivyo, vizidisho 14,999,700 kati ya hivyo vitatoa sifuri. Jibu la mwisho ni safu mlalo moja tu ya matriksi, ile ya *mkeka*, yenye namba 300. Anayejua jambo hilo hahitaji kuzidisha chochote. Huenda moja kwa moja kwenye safu hiyo na kuisoma, kama mtu anayefungua kamusi kwenye herufi M badala ya kusoma kurasa zote tangu A. Programu nyingi za lugha za siku hizi hufanya hivyo.

Huo ndio utupu wa aina ya kwanza, unaotokana na data yenyewe. Aina ya pili huzaliwa ndani ya mtandao. Kanuni inayotumika sana ya kupitisha jumla kutoka tabaka hadi tabaka ni ile inayoacha namba chanya zipite kama zilivyo na kugeuza kila namba hasi kuwa 0. Kwa sababu hiyo, katika kila sentensi inayopita, neva nyingi hubaki kimya. Aina ya tatu imo katika viungo. Baada ya mtandao kufundishwa, viungo vingi huwa na uzito mdogo kiasi kwamba vikifanywa sifuri matokeo hayabadiliki kwa namna inayoonekana.

3.0 Kuruka sifuri na gharama yake

Kuona kwamba namba ni sifuri ni jambo moja, na kufaidika kwa kuiruka ni jambo jingine. Faida inategemea namna namba zinavyohifadhiwa. Matriksi yenye safu mlalo 1,000 na safu wima 1,000 ina visanduku 1,000,000. Iwapo ni visanduku 10,000 tu vyenye namba isiyo sifuri, yaani asilimia 1, matriksi nzima inaweza kuwekwa katika orodha tatu: orodha ya thamani zenyewe, ambazo ni 10,000, orodha ya anwani zinazoonyesha kila thamani iko katika safu wima ipi, ambazo nazo ni 10,000, na orodha inayoonyesha kila safu mlalo inaanzia na kuishia wapi, yenye namba 1,001. Jumla ni namba 21,001 badala ya 1,000,000.

Mpango huo una bei yake, kwani kila thamani sasa hubeba anwani. Endapo visanduku vilivyojaa vinakaribia nusu ya vyote, anwani zitachukua nafasi iliyookolewa na faida itatoweka. Aidha, mashine hupenda kusoma namba zilizopangana. Ikilazimika kurukaruka kutoka anwani moja hadi nyingine iliyo mbali, hupoteza muda wa kuchota kuliko ule inaouokoa katika kuzidisha. Katika mahesabu yaliyotolewa na Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014, kwa chipu za wakati huo, kuchota namba moja kutoka kumbukumbu kuu kulitumia nishati ya pikojuli 640, ilhali kuzidisha namba mbili za desimali kulitumia pikojuli 3.7. Kuchota, basi, kulikuwa ghali zaidi ya mara 170 kuliko kuzidisha. Kwa hiyo, uchumi wa kweli hupatikana kwa kupunguza namba zinazochotwa, na mtandao mdogo unaoweza kukaa karibu na kichakataji una faida isiyoonekana katika idadi ya vizidisho pekee.

Kwa kuzingatia hayo, watengenezaji wa chipu wameamua kuuwekea utupu kanuni. Mwaka 2020, kampuni ya NVIDIA ilitoa kichakataji cha A100 kinachotambua mpangilio maalumu: katika kila namba nne zinazofuatana, mbili ziwe sifuri. Mtandao ukitimiza sharti hilo, kasi ya kuzidisha matriksi inaweza kufika hadi mara mbili. Mwanaisimu atatambua mara moja kilichofanyika hapa. Utupu uliotawanyika ovyo haumfai mkokotoaji; utupu wenye sarufi ndio unaomfaa.

4.0 Kupogoa

Mkulima hupogoa matawi ili mti utoe matunda bora. Katika mitandao ya neva, kupogoa ni kuondoa viungo ambavyo kuwapo kwake hakuongezi kitu. Wazo hilo si geni. Mwaka 1989, Yann LeCun, John Denker na Sara Solla, waliokuwa katika maabara za AT&T Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba mtandao wa kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono unaweza kuondolewa sehemu kubwa ya viungo vyake bila kuharibika, endapo kila kiungo kitapimwa kwanza madhara yatakayotokea kikiondolewa.

Mbinu hiyo ilipata nguvu mpya mitandao ilipokua. Mwaka 2015, Song Han na wenzake walichukua AlexNet, mtandao wa kutambua picha wenye viungo milioni 61, wakaondoa viungo vyenye uzito mdogo, wakaufundisha tena mtandao uliobaki, na kurudia hatua hizo. Walibaki na viungo milioni 6.7, yaani sehemu moja ya tisa, na usahihi haukupungua. Walipoongeza mbinu nyingine za kubana namba, mtandao uliochukua megabaiti 240 uliweza kukaa katika megabaiti 6.9. Mwaka 2019, Jonathan Frankle na Michael Carbin wa taasisi ya MIT walitoa dai zito zaidi: ndani ya mtandao mkubwa, tangu mwanzo, mna mtandao mdogo ambao ungefundishwa peke yake kwa uzito wake wa awali ungefikia usahihi uleule.

Maana ya matokeo hayo kwa Afrika Mashariki ni dhahiri. Programu inayokaa katika megabaiti chache inaweza kufanya kazi ndani ya simu ya mkononi bila kutegemea intaneti. Mwalimu aliye mahali ambapo mtandao wa simu hukatika, au muuguzi anayehitaji maelezo yaliyotafsiriwa, anaweza kuitumia. Lugha ambayo wasemaji wake wengi hutumia simu za bei nafuu inahitaji mitandao iliyopogolewa kuliko lugha ya watu wenye mitambo mikubwa. Huu ni mwanya katika maana yake ya pili, yaani fursa.

5.0 Wataalamu wachache kati ya wengi

Ipo njia nyingine ya kutumia utupu ambayo haiondoi kiungo chochote. Katika njia hii, mtandao hugawanywa katika makundi yaitwayo wataalamu, na kisehemu maalumu huamua ni wataalamu gani watakaoshughulikia kila kipande cha matini. Wataalamu wengine wote hupumzika. Mtandao huwa mkubwa kwa maarifa lakini mdogo kwa kazi inayofanyika kwa wakati mmoja. Noam Shazeer na wenzake katika kampuni ya Google waliionyesha nguvu ya mpango huo katika kazi za lugha mwaka 2017. Mtandao wa Mixtral uliotolewa mwaka 2023 una takriban viungo bilioni 47, lakini kwa kila kipande cha matini hutumia takriban bilioni 13 tu, kwa kuwa katika kila tabaka wataalamu wawili kati ya wanane ndio wanaoitwa. Mtandao wa DeepSeek-V3 wa mwishoni mwa mwaka 2024 una viungo bilioni 671 na hutumia bilioni 37.

Kiswahili kimekwisha kuguswa na mpango huo. Mwaka 2022, kampuni ya Meta ilitangaza mtandao wa kutafsiri baina ya lugha 200, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Mtandao mkubwa zaidi katika mradi huo ulikuwa na viungo bilioni 54.5 vilivyogawanywa kwa wataalamu. Watafiti wenyewe walieleza tatizo walilokutana nalo: kwa lugha zenye matini machache, wataalamu walielekea kukariri mifano michache waliyopewa badala ya kujifunza kanuni zake, na ikabidi mbinu za ziada zitumike kuwazuia. Yafaa jambo hilo lizingatiwe kwa makini. Mgawanyo uleule wa kazi uliopunguza gharama ndio uliozipa lugha ndogo mwanya wa kukaririwa. Kwa maneno mengine, utupu wa mtandao ulikutana na uhaba wa matini, na mambo hayo mawili si kitu kimoja.

6.0 Sifuri za Kiswahili

Hadi hapa sifuri imezungumzwa kana kwamba ni sifuri tu. Sarufi ya Kiswahili inaonyesha kwamba sivyo.

Chukua mzizi mmoja wa kitenzi. Mtenda anaweza kuwa mmoja wa nafsi sita, kwa kuhesabu umoja na wingi. Mtendwa naye anaweza kuwa mmoja wa nafsi sita. Viambishi vya wakati na hali vichukuliwe vinne tu: -li-, -na-, -ta- na -me-. Hapo pana michanganyiko 144. Ikiongezwa hali ya ukanushi, huwa 288, kabla ya kugusa viambishi vya ngeli nyingine, virejeshi au minyambuliko. Kwa mizizi 1,000, jedwali litakuwa na visanduku 288,000. Sasa ichukuliwe kongoo, yaani mkusanyiko wa matini uliowekwa kwa ajili ya utafiti, yenye maneno milioni moja. Sehemu tu ya maneno hayo ni vitenzi, na vingi kati ya vitenzi hivyo ni marudio ya maumbo yaleyale machache. Sehemu kubwa ya jedwali itabaki na sifuri.

Je, sifuri hizo zina maana gani? Baadhi ni katazo la sarufi. Kiswahili hakisemi ninanipenda* wala tunatupenda*. Kinasema *ninajipenda* na *tunajipenda*. Kitenzi *anguka* hakipokei kiambishi cha mtendwa mpaka kinyambuliwe: *nilimwangukia* ni sahihi, nilimwanguka* si sahihi. Visanduku hivyo ni vitupu leo na vitakuwa vitupu hata kongoo ikifika maneno bilioni moja. Hiyo ni mianya. Lakini umbo kama *mmetukirimu* huenda lisionekane hata mara moja katika kongoo ya magazeti, ingawa kila msemaji hulielewa na anaweza kulitamka jioni hiihii akiaga wenyeji wake. Kisanduku chake ni kitupu kwa kuwa magazeti hayawasemeshi wasomaji wake hivyo. Hilo ni pengo.

Mwanaisimu wa Marekani, George Kingsley Zipf, katika vitabu vyake vya mwaka 1935 na 1949, alionyesha kwamba mgawanyo wa namna hii ni tabia ya lugha zote. Neno linaloshika nafasi ya kwanza kwa marudio likionekana mara 60,000, la pili huonekana kama mara 30,000, la tatu kama mara 20,000, na la mia moja kama mara 600. Mkia wa orodha ni mrefu mno, na karibu nusu ya maneno tofauti yaliyomo katika kongoo huonekana mara moja tu. Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, mkia huo hurefuka zaidi kwa sababu neno moja linaweza kubeba yale ambayo Kiingereza huyasambaza katika maneno matano au sita. *Hawatatusomeshea* ni neno moja lenye mofimu nane: ha-wa-ta-tu-som-esh-e-a.

Tiba imo katika mfano huohuo. Neno *hawatatusomeshea* ni adimu, lakini hakuna mofimu hata moja ndani yake iliyo adimu. Likigawanywa kwa mipaka ya mofimu, jedwali tupu la maneno hugeuka kuwa jedwali dogo lililojaa. Programu nyingi za sasa hugawa maneno, lakini hufuata marudio ya mfuatano wa herufi, mbinu iliyoenezwa katika tafsiri ya mashine na Rico Sennrich, Barry Haddow na Alexandra Birch wa Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 2016. Mbinu hiyo haijui mofimu. Inaweza kulikata neno katikati ya mzizi, na hasa pale ambapo msamiati wa vipande umetengenezwa kwa matini yaliyo mengi ya Kiingereza. Hapo mzizi mmoja huonekana kwa sura nyingi, na mtandao hulazimika kujifunza mara nyingi jambo ambalo lingefundishwa mara moja. Gharama iliyookolewa kwa kupogoa hulipwa tena kwa kukata vibaya.

7.0 Kinachopotea

Swali linalofuata ni hili: mtandao unapopogolewa, nani hupoteza? Wastani wa usahihi hauwezi kulijibu, kwa kuwa wastani hutawaliwa na mambo ya kawaida. Mwaka 2019, Sara Hooker na wenzake waliuliza mitandao iliyobanwa husahau nini. Katika majaribio ya kutambua picha, waligundua kwamba wastani ulibaki karibu palepale hata viungo vingi vilipoondolewa, lakini hasara ndogo iliyotokea haikugawanywa sawa. Iliangukia mifano isiyo ya kawaida, ile iliyo katika mkia.

Mwaka 2021, Orevaoghene Ahia, Julia Kreutzer na Sara Hooker walilipeleka swali hilo katika tafsiri ya mashine kutoka Kiingereza kwenda Kiyoruba, Kihausa, Kiigbo na Kijerumani. Walizungumzia kifungo maradufu cha lugha hizo: matini ni machache na mitambo nayo ni michache, hivyo wanaohitaji sana kupogoa ndio wenye kidogo cha kupoteza. Matokeo yao yana pande mbili, na ni haki zote mbili zitajwe. Kwa upande mmoja, kupogoa kwa kiasi kulilinda ubora wa sentensi zinazofanana na zile za kawaida, na kulisaidia mtandao kukabili matini ya aina tofauti na yale uliyofundishwa, kwani uliacha kukariri. Kwa upande mwingine, sentensi za nadra ndizo zilizoumia.

Hapa ndipo tofauti ya mwanya na pengo inapokuwa jambo zito. Kiungo kinachobeba maarifa ya umbo linaloonekana mara mbili katika data kina uzito mdogo. Kiungo kisichobeba chochote nacho kina uzito mdogo. Mkasi unaopima kwa uzito utavikata vyote. Katika Kiswahili, vilivyo nadra katika matini si upuuzi. Ni maumbo marefu ya kitenzi. Ni methali na lugha ya heshima. Ni istilahi za uvuvi, za ususi na za tiba ambazo hazijaandikwa sana. Ni Kimvita, Kiamu, Kipemba na Kiswahili cha Kongo, ambavyo havifuati sura ya magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi. Mtandao ukiyapoteza hayo, wastani wake utabaki mzuri, na ripoti itasema kwamba hakuna kilichopotea. Kisha programu hiyo itaandika matini, matini hayo yatasambazwa, na mtandao wa kesho utafundishwa kwa matini hayohayo. Pengo litakuwa limegeuzwa kuwa mwanya, na kizazi kijacho kitaambiwa kwamba pale hapakuwahi kuwa na jino.

8.0 Wajibu wa wanaisimu

Hali hii haidai hofu wala kupinga ufanisi. Inadai kazi mahususi, na tatu kati ya kazi hizo ziko ndani ya uwezo wa idara za Kiswahili.

Kwanza, ni kuyajaza mapengo kwa matini yaliyochaguliwa. Katika data iliyofundishia mtandao wa XLM-R uliotangazwa mwaka 2019, Kiingereza kilikuwa na takriban gigabaiti 300 na Kiswahili 1.6. Pengo la kiasi hicho haliwezi kuzibwa kwa kukimbizana na idadi. Hata hivyo, mwaka 2021 Kelechi Ogueji na wenzake walitengeneza AfriBERTa, mtandao uliofundishwa kwa matini ya lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, yasiyofika gigabaiti moja kwa ujumla wake. Katika kazi za kutambua majina na kuainisha matini, mtandao huo ulishindana vyema na mitandao mikubwa zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi kila haba iwe imechaguliwa. Mahojiano ya lahaja, hotuba, barua na istilahi za kazi za mikono hujaza visanduku ambavyo gigabaiti nyingine ya habari za kila siku haitavigusa.

Pili, ni kuipa mashine sarufi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kanuni. Kichanganuzi cha aina hiyo kina uwezo ambao kongoo haina: kinaweza kulikubali umbo ambalo halijawahi kuonekana na kulikataa ambalo sarufi hailiruhusu. Yaani kinatofautisha pengo na mwanya. Kazi ya kizazi kile haijapitwa na wakati kwa sababu ya kuja kwa mitandao ya neva. Kinyume chake, ndiyo inayoweza kusema ni wapi maneno yakatwe na ni sifuri zipi zirukwe bila hofu.

Tatu, ni kutunga mitihani. Kila mtandao uliopogolewa unaodai kukijua Kiswahili upimwe kwa orodha mbili: orodha ya sentensi za kawaida na orodha ya sentensi za mkia zilizotungwa na wanaisimu, zenye upatanisho wa ngeli zisizotumika sana, vitenzi vya mofimu saba au nane, na maneno ya lahaja. Alama za orodha hizo mbili zitolewe mbalimbali, bila kuchanganywa katika wastani mmoja. Kazi hiyo haihitaji mtambo ghali. Inahitaji wanafunzi wanaoijua sarufi na wasemaji walio tayari kuulizwa, na kila idara ya Kiswahili inavyo vyote viwili.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ukokotozi wa mitandao ya neva hupungua gharama kwa kiasi kikubwa pale unapozitambua sifuri na kuziruka: katika data, katika neva zilizonyamaza, katika viungo vilivyopogolewa na katika wataalamu wanaopumzika. Imeonyeshwa pia kwamba lugha yenye maumbo mengi na matini machache hujaza jedwali lake sifuri za aina mbili zisizotofautishwa na uzito wa kiungo.

Mhandisi ana haki ya kutafuta mwanya, kwa kuwa bila mwanya hakuna wepesi, na bila wepesi programu hizi zitabaki katika majengo ya walio nacho. Mwanaisimu ana wajibu wa kumwonyesha palipo na pengo. Mkulima mwema hupogoa baada ya kulitambua tawi lililokufa na lile ambalo msimu wake wa kuchanua haujafika. Matawi yote mawili hayana majani siku anayoyatazama, na anayejua lipi ni lipi ni yule aliyekaa na mti huo msimu hadi msimu.